Kufundisha Uandishi wa Programu kwa Kobe wa Python

Mwalimu mwenye kompyuta chache na intaneti ya kusuasua anaweza kuanza kufundisha uandishi wa programu bila kununua chochote, kwa kuwa Python, lugha ya kuandikia programu, huja na moduli (mkusanyiko wa amri zilizo tayari) ya turtle, ambayo huweka kwenye skrini kobe anayechora mstari kila anapopita. Wazo hilo lilitokana na Logo, lugha iliyobuniwa Marekani mwaka 1967 na Seymour Papert na wenzake. Pakua Thonny, programu ya kuandikia na kuendesha amri za Python, ambayo tayari ina Python ndani yake, kisha uihamishe kwa flashi hadi kompyuta nyingine.

Kabla hawajagusa kibodi, mwite mwanafunzi mmoja mbele awe kobe, na wenzake wamwamuru: hatua tano mbele, geuka kulia nyuzi 90. Asifanye lolote asiloambiwa, hata akijua fika wanachotaka, kwani hapo ndipo watakapoona kwamba kompyuta haibahatishi nia ya mtu.

Kisha waketi wawili wawili, mmoja akiandika na mwingine akikagua, wakipokezana. Baada ya import turtle, amri ya kuiita moduli hiyo, waandike turtle.forward(100) na turtle.right(90), na kuzirudia amri hizo mara nne hadi mraba ukamilike. Usiharakishe kuwaonyesha njia ya mkato. Waache wachoke kunakili, ndipo uwape for i in range(4): ambayo ni amri ya kurudia mara nne, na kusisitiza kwamba mistari inayorudiwa husogezwa ndani kwa nafasi zinazolingana. Faili lisiitwe turtle.py, maana Python italisoma hilo badala ya moduli, na ujumbe wa kosa utakaotokea huwatatiza hata walimu.

Utamu wa somo, kwa maoni yangu, umo katika pembetatu. Wengi wataandika nyuzi 60, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa kuhusu pembetatu yenye pande sawa, na kobe atawachorea nusu ya umbo la pande sita. Usiwasahihishe. Chora pembetatu sakafuni kwa chaki, yule mwanafunzi aizunguke, na wenzake wapime anavyogeuka kila pembeni: ni nyuzi 120, yaani pembe ya nje. Waulize basi amegeuka jumla ya nyuzi ngapi hadi kurudi alivyokuwa ameelekea mwanzoni. Wakishapata 360, waandike programu moja inayogawanya idadi hiyo kwa kigeu (jina linalobeba thamani inayoweza kubadilishwa) kiitwacho pande, na kabla ya kuijaribu kwa pande 36 zenye urefu wa 10, kila jozi ichore kwenye daftari umbo inalotarajia.