Simbilisi wawili wa kwanza nyumbani: banda, majani na kiseyeye

Mnyama ambaye kwa Kiingereza ni guinea pig, Iringa, Njombe na Mbeya wanamwita simbilisi, ukivuka kwenda Bukavu, Kongo, utasikia dende. Vijijini anazunguka jikoni, anakula maganda na mabaki ya majani, na siku yake ikifika anaingia chunguni. Huko makosa mengi ya ufugaji hayaonekani kwa sababu mnyama anachinjwa akiwa bado kijana. Anayefugwa kama kipenzi habari yake ni nyingine. Anaweza kuishi miaka 5 hadi 8, na sakafu mbaya au chakula pungufu vitamtafuna polepole muda wote huo.

Usinunue mmoja. Simbilisi ni mnyama wa kundi, na akiwa peke yake huzubaa, hula kidogo na hujificha kutwa nzima. Uswisi imefika mahali pa kukataza kisheria kumfuga mmoja peke yake. Sungura si mwenzake pia: anaweza kumvunja kwa teke moja, na hubeba bakteria wanaomletea simbilisi homa ya mapafu. Chukua majike wawili, au madume wawili waliokua pamoja na wasiosikia harufu ya jike karibu.

Muuzaji akikuambia "hawa wote majike", hakikisha mwenyewe. Mlaze mnyama chali kiganjani kwa sekunde chache, kisha bonyeza taratibu kwa kidole gumba juu kidogo ya tundu la mkojo, upande wa tumboni. Wa kiume, uume utachomoza. Wa kike utaona mkato wenye umbo la herufi Y. Kosa hapa ni ghali: dume anaweza kupandisha akiwa na wiki tatu hivi, jike hushika mimba akiwa na wiki nne, na baada ya kuzaa anaweza kushika nyingine ndani ya saa chache. Mimba huchukua siku 59 hadi 72. Jike aliyetoka kwenye banda la mchanganyiko mhesabu kuwa ana mimba mpaka siku hizo zipite. Tena, jike ambaye hajawahi kuzaa asipandishwe kwa mara ya kwanza akiwa amepita miezi sita au saba. Mifupa ya nyonga huwa imekwisha kukaza, watoto wanakwama, na mara nyingi anakufa nao.

Banda kutoka karatasi moja ya plaiwudi

Vizimba vya dukani, vile vya hamsta au ndege, ni vidogo mno. Simbilisi hapandi wala haruki sana, hukimbia chini. Kwa hiyo anachohitaji ni upana wa sakafu, wala si ghorofa. Wawili wanataka angalau sentimita 120 kwa 60, na zaidi ni bora.

Karatasi ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 inatosha ukiikata kwa akili. Ipasue kwa urefu upate vipande viwili vya futi 8, kimoja kiwe na upana wa futi 2 na nusu, kingine futi 1 na nusu. Kwenye kile kipana kata futi 5: hiyo ndiyo sakafu. Kinachobaki, futi 3 kwa 2 na nusu, kigawe katikati ya zile futi 3 upate mbavu mbili za banda. Kwenye kile chembamba kata futi 5 tena: huo ni ukuta wa nyuma. Bado una kipande cha futi 3 kwa 1 na nusu cha kutengenezea vijumba vya kujificha. Msumeno hula milimita chache kila mkato, kwa hiyo pima upya kabla ya kila kipande.

Fremu na miguu ni mbao za mbili kwa mbili. Mbele piga ubao wa inchi 6 chini ili matandiko yasimwagike, na juu yake wavu mgumu wenye matundu ya nusu inchi. Wavu laini wa kuku unazuia kuku tu. Mbwa anauchana, na nyoka anapita. Kifuniko nacho ni fremu yenye wavu na kitasa, maana paka wa jirani hahitaji mwaliko.

Sakafu isiwe ya wavu hata kidogo. Wafugaji wa sungura huipenda kwa sababu kinyesi kinadondoka chini, lakini nyayo za simbilisi hazina manyoya. Ngozi inachubuka, bakteria wanaingia, mguu unavimba na kutoa usaha, na kidonda hicho kikishafika mfupani hakiponi kirahisi. Tandika kapeti la plastiki juu ya plaiwudi, ulipandishe ukutani sentimita 10 ili mkojo usinywewe na mbao, kisha mwaga maranda unene wa sentimita 5 na majani makavu juu yake. Vumbi laini la msumeno usilitumie, linaziba pua. Maranda mengi ya Mafinga ni ya paina. Yaanike juani mpaka ile harufu kali ya utomvu iishe. Ya mierezi yaache kabisa.

Kila mnyama awe na kijumba chake, chenye milango miwili. Kikiwa na mmoja, mbabe anakaa mlangoni na mwenzake anashinda ndani na njaa. Hilo ndilo chanzo cha ugomvi mwingi ambao watu huuita "hawapatani".

Banda likikaa nje au barazani, liinue sentimita 75 na usimamishe kila mguu ndani ya kopo lenye maji na oili chafu. Si urembo huo. Siafu wakipita usiku mmoja, asubuhi utakuta mifupa. Hakikisha pia hakuna tawi, kamba ya nguo wala ukuta unaogusa banda, maana watatafuta daraja na watalipata.

Kila asubuhi toa matandiko yaliyolowa na mabaki ya mboga. Mara moja kwa wiki ondoa yote, sugua kwa maji na siki, kausha. Ukiinama mlangoni na macho yakawasha kwa harufu ya mkojo, umechelewa, na mapafu yao yameshaanza kuumia.

Tumbo lisilotakiwa kusimama

Robo tatu ya chakula, au zaidi, iwe majani: majani makavu ya Rhodes au nyasi nyingine ya malisho, yawepo bandani saa 24. Meno ya simbilisi, hata magego ya ndani, hayaachi kukua maisha yote, na kinachoyasaga ni kule kutafuna nyasi ngumu. Utumbo wake nao husukumwa na nyuzi za nyasi. Ukikaa bila kitu, chakula kinasimama, gesi inajaa, na ndani ya siku moja au mbili unampoteza. Ukimwona anainama na kula kinyesi chake laini usimzuie. Anarudisha vitamini na protini ambazo hazikufyonzwa mara ya kwanza.

Nyasi mbichi ni nzuri pia, na magugu ya shambani kama kishona nguo na mchunga huyapenda sana. Shida haiko kwenye ubichi, iko kwenye namna zinavyowekwa. Nyasi zilizorundikwa kwenye kiroba zikapata joto zimeanza kuchacha, na hizo humvimbisha tumbo. Tandaza kivulini, lisha siku hiyo hiyo. Usikate kando ya barabara kuu wala penye shamba lililopigwa dawa.

Mboga ni kikombe kimoja kwa mnyama kwa siku, zioshwe vizuri, na katika hicho kikombe lazima kuwe na vitamini C ya kutosha. Hapa ndipo simbilisi anapotofautiana na panya, sungura na mbuzi. Wao hutengeneza vitamini hiyo mwilini. Yeye, kama sisi, hawezi. Mwaka 1907 watafiti wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka na mkate tu, na wanyama hao wakapata kiseyeye, ule ugonjwa wa mabaharia unaoletwa na kukosa vitamini C. Kinachotokea kwenye banda la nyumbani penye pumba za mahindi na maganda ya viazi ndicho hicho hicho. Baada ya wiki mbili au tatu manyoya yanakuwa makavu, magoti yanavimba, mnyama hataki kutembea na analia ukimshika. Watu husema amepooza.

Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye mimba au mgonjwa apewe zile 30. Robo ya pilipili hoho ya wastani inakaribia kumaliza kazi hiyo. Kipande cha pera kinashinda hoho kwa vitamini, ila kina sukari, kwa hiyo mara mbili kwa wiki inatosha. Majani ya giligilani ni mazuri. Sukuma wiki mpe mara chache kwa wiki kwa sababu ya kalsiamu yake, na mchicha vivyo hivyo kwa sababu ya oksaleti. Vyote vikizidi vinasaidia kutengeneza mawe ya kibofu. Mboga iliyopikwa usiihesabu, moto umeshaua vitamini yake. Siku hoho zikikosekana sokoni, kidonge cha binadamu cha miligramu 100 kigawe mara nne na mpe robo moja mkononi au kwenye kipande cha tango. Usikitie kwenye maji ya kunywa: mwanga na chuma huiharibu vitamini ndani ya saa chache, na ladha ikibadilika wataacha kunywa.

Chakula cha punje cha sungura kinaweza kuongezwa, kijiko kimoja cha mezani kwa siku, lakini usikitegemee kwa vitamini C. Chakula cha kuku hapana. Ni wanga mwingi, na baadhi huchanganywa dawa zisizomfaa.

Visivyopita mlangoni kabisa ni parachichi pamoja na majani yake, kisamvu kibichi, majani ya viazi mviringo na ya nyanya, vitunguu vya aina zote, maharage mabichi, mbarika, ugali, mkate na maziwa. Chakula chochote kipya kianze kwa kipande kidogo na kiongezwe taratibu kwa wiki nzima.

Maji weka kwenye chupa yenye mrija wa chuma na gololi mwishoni, ubadilishe kila siku. Gonga gololi kwa kidole kila asubuhi uone kama maji yanatoka, kwani majani huziba mrija na mnyama anakaa na kiu mbele ya chupa iliyojaa.

Joto, baridi na mikono

Nyuzi 18 hadi 24 za Selsiasi zinamfaa. Hatoi jasho, kwa hiyo Dar es Salaam ya Februari ni hatari kwake kuliko Njombe ya Julai. Banda lisikae chini ya bati tupu. Weka makuti au maboksi kati ya bati na kifuniko. Mchana gandisha chupa ya maji, izungushie kanga, na ilaze kona moja ili ajilaze karibu au akimbie, apendavyo. Ukimkuta amelala kifudifudi, mdomo umelowa mate na anahema mbio, mpeleke kivulini na lowesha masikio na nyayo kwa maji ya kawaida. Maji ya barafu yatamshtua. Kwenye baridi, ongeza majani makavu na funika pande tatu za banda usiku. Upande wa nne uachie hewa.

Kumbeba, mkono mmoja uwe chini ya kifua, wa pili ushike matako. Watoto wamshike wakiwa wamekaa sakafuni, kwani akichupa kutoka urefu wa kiuno huvunja mgongo. Kucha kata kila wiki nne hivi, ncha tu, ukikwepa mshipa.

Mzani wa jikoni

Simbilisi huficha ugonjwa. Mzani wa jikoni na bakuli utakuambia mapema kuliko macho: mpime siku ile ile kila wiki, uandike. Mkubwa huwa kati ya gramu 700 na 1,200. Akipungua 50 kwa wiki, kagua meno, maji na kinyesi. Akipungua 100, au akikaa siku nzima hajala, ni dharura. Huku ukitafuta daktari wa mifugo, loweka chakula cha punje kwenye maji ya uvuguvugu mpaka kiwe uji, umlishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukiliingiza pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo.

Mkojo mweupe wenye ukungu ni kawaida. Mwekundu si kawaida. Akijikuna mpaka kutoa damu na kushikwa na degedege, hao ni utitiri wa ngozi. Ivermectin huwaua, lakini mnyama wa kilo moja anahitaji sehemu za mia za mililita moja za ile ya asilimia 1, kwa hiyo asipimiwe kwa macho. Mabaka ya duara yasiyo na manyoya usoni ni fangasi, na watoto watapata choa kwa kumshika.

Neno la mwisho ni la duka la pembejeo, ambako ukisema "simbilisi anakohoa" unaweza kupewa antibayotiki ya kuku au ya binadamu. Penisilini, ampisilini, amoksilini na erithromisini huua bakteria wema wa utumbo wake, wabaya wanachukua nafasi, na mnyama anakufa kwa kuhara siku chache baadaye, kikohozi chenyewe kikiwa kimepona. Mwambie daktari waziwazi kwamba mgonjwa ni simbilisi, si sungura. Kama dawa imeshaingia mdomoni na kinyesi kimeanza kulegea, acha dawa, mwekee majani makavu na maji, na urudi kwa daktari siku hiyo hiyo ukiwa na pakiti ya dawa mkononi.