Unapunguza uzito na mdomo unataka kutafuna? Pika bisi, ila uzipike hivi

Wengi wanaojaribu kupungua hawaangushwi na milo mikubwa, wanaangushwa na vitu vya kutafunatafuna katikati, umekaa jioni unaangalia tamthilia mkono uko kwenye pakiti ya krispi na hata hujui umekula kiasi gani. Hapo ndo bisi zinapookoa. Kikombe kimoja cha bisi zilizopikwa bila mafuta kina kalori kama 30 tu, kwahiyo vikombe vitatu, ambavyo ni bakuli la kueleweka kabisa, ni kama 90, na humohumo unapata nyuzinyuzi zaidi ya gramu 3 kwasababu ni nafaka nzima, ganda na kiini vyote unavila. Krispi za viazi gramu 30 tu, ambazo unazimaliza kabla hujakaa vizuri, zina kalori kama 150.

Ila hapa tuelewane vizuri maana ndo watu wanapopotea. Hizo namba ni za bisi tupu! Kijiko kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, cha siagi kama 100, sasa ukimimina mafuta kwa macho halafu juu ukamwagia siagi na sukari, umeshatoka kwenye daieti bila kujua. Zile za kununua zenye karameli ndo kabisa, ziache.

Nyumbani fanya hivi. Tafuta mahindi ya bisi yenyewe, yale ya kupikia ugali hayapasuki vizuri. Pima vijiko vikubwa viwili vya punje KABLA hujawasha jiko, zinatosha mtu mmoja, usione ni kidogo zitafumuka zijaze bakuli. Weka sufuria yenye kitako kizito, mafuta kijiko kidogo kimoja tu, moto wa kati, tupia punje mbili tatu za kujaribia ufunike. Zikipasuka ujue mafuta yamefika, mwaga zilizobaki, funika, na uwe unaitikisa sufuria zisiungue za chini. Mfuniko uache upenyo mdogo mvuke utoke, la sivyo zinalegea na kuwa kama sponji. Ukisikia mlio umekuwa wa mojamoja, unahesabu sekunde mbili tatu kati ya mlio na mlio, epua na uzimimine hapohapo. Yote hiyo ni kama kalori 150. Mwenye mashine ya hewa moto hahitaji hata hayo mafuta.

Kama punje zako nyingi hazipasuki mara nyingi zimekauka sana. Kinachozipasua ni maji kidogo yaliyo ndani ya punje, yakipata moto yanageuka mvuke unalisukuma ganda mpaka linaachia, kwahiyo zihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko unaobana.

Ladha sasa. Chumvi isage iwe laini kabisa, hivyo inashika vizuri na utatumia kidogo, kumbuka kwa siku nzima mtu mzima anashauriwa asifike gramu 5, yaani kijiko kidogo kimoja, na chumvi nyingi inakufanya uvute maji mwilini hata mzani ukudanganye. Mimi napenda pilipili ya unga na bizari, au mdalasini pale hamu ya sukari inaposumbua. Nyunyiza zikiwa bado za moto. Maji ya limao usimwagie, zinanywea.

Kula kwenye bakuli, usile kwenye sufuria, na usizigeuze kuwa mlo. Protini yake ni ndogo, ukila bisi badala ya chakula cha usiku utaamka na njaa mbaya na utalipiza asubuhi. Ziweke kati ya mlo na mlo, na maji pembeni, tena nyuzinyuzi bila maji zinaweza kukufungia choo. Kama tumbo lako halijazoea anza na kikombe kimoja, gesi nayo ipo. Mwenye kisukari ahesabu wanga wake, vikombe vitatu vina kama gramu 18.

Punje ambazo hazijapasuka zitoe, zinavunja meno kweli. Na mtoto wa chini ya miaka 4 usimpe hata akilia, zinakaba koo.