Kabla ya kufunga keria juu ya gari la kale

Kabla hujatafuta keria ya gari lako la kale, chukua tochi, kitambaa na bisibisi butu, uikague mifereji ya paa. Nazungumzia ule ukingo uliokunjwa juu ya milango ili maji ya mvua yasimwagikie abiria mlango unapofunguliwa. Utaukuta kwenye Volkswagen Beetle, Mini, Peugeot 404, Mercedes-Benz W123 na magari mengine mengi ya enzi hizo. Kuanzia miaka ya 1980 watengenezaji wengi waliuficha au kuuondoa ili bodi ipite kwenye upepo kwa urahisi zaidi, na ndiyo maana miguu ya keria nyingi za kisasa haina pa kushika kwenye gari la zamani. Keria ya gari la kale huning'inia kwenye mifereji hiyo, na kila kilo utakayopakia hupitia hapo.

Ubaya ni kwamba hapo ndipo kutu hupenda kukaa. Mfereji ni mahali bati la paa linapokutana na bati la ubavuni. Yameungwa kwa nukta za kuchomelea, kisha mshono ukazibwa kwa silanti, yaani gundi laini ya kuzuia maji. Silanti ikizeeka hukauka na kupasuka, maji yakapenya chini yake, na bati likaanza kuliwa kutoka ndani huku rangi ya juu bado ikimeremeta. Pitisha bisibisi taratibu kwenye mshono bila kuchokonoa. Rangi iliyofura vipovu, bati linalobonyea, au doa la kahawia kwenye kitambaa cha dari ndani ya gari, vyote ni dalili. Kama bodi ni ya chuma, funga sumaku ndogo ndani ya kitambaa na uitembeze kwenye ukingo. Inaposhika kwa unyonge huenda kuna pati (ule udongo wa kujazia mabonyeo ya bodi) nene chini ya rangi, na pati haibebi mzigo. Ukikuta hali hiyo, mpelekee fundi bodi kwanza. Mfereji uliooza unaweza kung'oka gari likiwa katika mwendo, na atakayeumia ni mtu anayekuja nyuma yako.

Yapo mapaa yasiyofaa hata yakiwa mazima. Citroën DS ya saluni, iliyozinduliwa mwaka 1955, ina paa jepesi la plastiki yenye nyuzi za kioo, ilhali ndugu yake ya steshenwagoni ilitengenezewa paa la chuma lenye keria. Gari la paa la turubai nalo litafutie keria ya kufunga juu ya buti.

Likija suala la uzito, kitabu cha gari ndicho chenye kauli ya mwisho. Watu wengi husahau kwamba kikomo kinachoandikwa humo hujumuisha keria yenyewe. Tuseme gari linaruhusiwa kilo 50 juu ya paa, nawe umenunua keria ya chuma yenye kilo 15: umebakiwa na 35 za mizigo. Kwa sababu hiyo napendelea pau mbili za alumini zinazokatiza paa kuliko kile kikapu kizito cha chuma kinachopendeza sana pichani. Zile keria za zamani zenye vikombe vya mpira vinavyokaa juu ya bati la paa ningeziacha kabisa. Bati la katikati ni jembamba; hubonyea, na vumbi likiingia chini ya mpira husaga rangi.

Sasa vipimo. Paa la gari la kale mara nyingi ni jembamba mbele na pana nyuma, kwa hiyo pima upana kutoka mfereji hadi mfereji mahali pau ya mbele itakapokaa, kisha upime tena mahali pa pau ya nyuma. Usikate pau zote mbili kwa kipimo kimoja. Miguu iweke karibu na nguzo za bodi kadiri inavyowezekana, kwa maana hapo ukingo umeshikiliwa kutoka chini. Katikati ya mlango hauna egemeo na hupinda kirahisi. Angalia na kimo: paa hujikunja kwenda juu katikati, na pau iliyopakiwa hushuka kidogo. Acha nafasi ya sentimita 3 hivi, kisha pakia mzigo wa majaribio na upitishe mkono chini ya pau. Mlango nao ufungue polepole, kwani kwenye baadhi ya magari fremu yake hupita karibu mno na mfereji na itakwaruzwa na kibano, yaani kile kipande cha mguu wa keria kinachoushika mfereji.

Kibano kikikataa kuingia, kitu cha kubadilisha ni kibano. Kipige tupa, kipinde upya, au chonga kingine kwa kukifuatisha na umbo la mfereji lililochorwa kwenye kadibodi. Kutoboa paa ni kosa nisiloweza kulitetea kwa gari lolote la aina hii: tundu litavujisha maji, na bati la paa la gari lisilotengenezwa tena ni shida kulipata. Kati ya kibano na rangi weka mpira wa milimita 2 au 3, na panapokutana alumini na chuma tia washa za nailoni, maana metali hizo mbili zikigusana penye unyevu alumini huanza kulika. Kaza nati mpaka kibano kisisogee kwa mkono, basi. Ukizidisha unaukunja mfereji.

Breki zako zilitengenezwa kwa mwendo wa zama zake, na mengi ya magari haya yana dramu, angalau nyuma. Zirekebishe kabla ya safari, na shokomzoba zinazovuja zibadilishwe, kwa sababu mzigo wa juu hulifanya gari lilale zaidi kwenye kona. Vitu vizito vibaki ndani ya buti. Juu weka vyepesi vyenye kuchukua nafasi. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi: ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 110, upepo unaousukuma mzigo unakaribia maradufu.

Mzigo mrefu, kama mtumbwi au mbao, ufungwe kwenye pau zote mbili na pia mbele na nyuma kwenye bampa, ukishahakikisha bolti za bampa hazijaliwa na kutu. Mkanda bapa ukivuma, usokote mara moja kabla ya kuukaza na sauti itapungua sana. Baada ya kilomita 20 za kwanza simama, ujaribu kila nati kwa spana: mpira mpya huwa umeshabonyea, na nati zilizokuwa zimekaza zimelegea.