Gazeti la ukutani la shule ya msingi: kuliandaa, kulibandika na kulifanya lisomwe

Gazeti la ukutani huishi kwa mambo mawili: siku maalumu ya kutoka, na habari za shule yenyewe. Shule nyingi huanza kwa kishindo Januari, na ikifika Machi karatasi zimepauka na hakuna anayesimama kuzitazama. Mara nyingi chanzo ni kwamba ubao ulijazwa mambo ya vitabuni: sehemu za ua, orodha ya mikoa, methali kumi. Mwanafunzi wa darasa la nne hana sababu ya kuacha mpira wakati wa mapumziko akasome kilichomo kwenye kitabu chake. Atasimama kusoma kwa nini uji ulichelewa Jumatano, nani waliteuliwa kwenda UMITASHUMTA (mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania) ngazi ya kata, na mchicha wa bustani umevunwa mafungu mangapi. Akisoma hayo kila wiki, anajizoeza kusoma bila kulazimishwa na mtu. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kazi hii, na inastahili jasho la mwalimu.

Kamati

Wanafunzi wanane wanatosha. Wawili wawe wahariri, wanne wawe waandishi, mmoja mchoraji na mmoja mwenye mwandiko mzuri wa kunakili habari zilizokwisha sahihishwa. Wachukuliwe darasa la tano na la sita, wasichana na wavulana sawa. Darasa la mtihani liachwe lisome. Wakizidi kumi, nusu yao watakaa tu. Kamati ibadilishwe kila nusu muhula, lakini wawili wa zamani wabaki ili wawaelekeze wapya. Ukiwabadilisha wote kwa mpigo, wiki tatu za kwanza zinapotea kwenye kufundisha upya.

Tahadhari moja kwa mwalimu mlezi: usichague vinara wa darasa peke yao. Mtoto anayepata alama za kati lakini anayejua kila kinachotokea jikoni, kisimani na uwanjani ni mwandishi bora kuliko yule anayeongoza kwa mitihani na hajui mpishi anaitwa nani.

Wiki ya kazi

Gazeti litoke Jumatatu, libandikwe kabla ya kengele ya mstarini. Likitoka Ijumaa linasomwa kwa saa chache, kisha wanafunzi wanakwenda nyumbani na wakirudi habari zimechacha.

Jumatatu hiyohiyo, wakati wa mapumziko ya saa 4, kamati ikutane kwa dakika 15 kugawana kazi za toleo linalofuata. Jumanne na Jumatano ni siku za kuuliza na kuandika. Alhamisi wahariri wasome kila habari kwa sauti, mwandishi wake akiwa amekaa hapohapo. Sauti hufichua sentensi iliyokosa kitenzi upesi kuliko macho. Mwalimu asome baada yao, si kabla, na asahihishe kwa penseli. Ijumaa mchana ni kunakili na kubandika kwenye manila. Kwa mwalimu, kazi yote haizidi saa moja na nusu kwa wiki kamati ikishazoea, ingawa mwezi wa kwanza ni mzito kuliko hapo.

Habari zinatoka wapi

Kila mwandishi apewe eneo lake. Mmoja aende kwa mwalimu wa zamu na daftari lake, kwani humo mna waliochelewa, wageni waliofika, na vifaa vilivyovunjika. Wa pili ashike jiko, maji na vyoo. Wa tatu bustani, miti na mifugo kama ipo. Wa nne michezo, klabu na maktaba. Matangazo ya mwalimu mkuu na kamati ya shule yawe na kisanduku chake upande mmoja, yasichanganyike na habari.

Sasa uandishi wenyewe. Rasimu ya kwanza ya mtoto karibu kila mara huwa hivi:

*Siku ya Jumanne shuleni kwetu kulikuwa na jambo zuri sana la kupanda miti na wanafunzi wote walifurahi sana.*

Msomaji aliyekuwepo hapati jipya, na asiyekuwepo haelewi kilichotokea. Mhariri amrudishie mwandishi na maswali: nani, miti gani, mingapi, wapi, saa ngapi, ilitoka wapi, na nani ataimwagilia? Maswali hayo yakijibiwa, habari inakuwa hivi:

*Darasa la sita lapanda miarobaini 24. Wanafunzi 48 wa darasa la sita walipanda miche 24 ya mwarobaini pande mbili za uwanja wa mpira Jumanne saa 8 mchana. Miche ilitolewa na ofisi ya kijiji. Kila wanafunzi wawili wamepewa mche mmoja, nao wataumwagilia lita 5 kila siku hadi mvua zianze. Kutoka shimo hadi shimo ni mita 5.*

Hakuna neno “zuri” wala “sana”, na bado mtu anaona kilichofanyika. Urefu wa namna hiyo, maneno 40 hadi 80, ndio unaofaa. Ikipita 80 wanafunzi wa darasa la tatu wanaishia katikati.

Kichwa cha habari kisizidi maneno sita, na kitenzi chake kiwe na -a- kama magazeti yetu yafanyavyo: “Maji yakatika siku mbili”, “Darasa la tano lavuna mchicha”. Ndani ya habari watumie -li- na -me-. Kosa la kawaida ni kuendelea na -a- hadi mwisho, na msomaji hajui kama jambo limeshatokea au ni mazoea ya kila siku.

Wahariri wawe na orodha ya makosa ya kuwinda, iliyobandikwa ndani ya jalada lao. Kuchanganya r na l kuwe juu ya orodha, kwa sababu “kalamu za darasa la tatu” na “karamu za darasa la tatu” ni habari mbili tofauti. Zifuate kudondosha h (“abari” badala ya “habari”), dh kuandikwa z, gh kuandikwa g, na saa. Mtoto akinakili saa kwenye simu ataandika “saa 14”. Irekebishwe kuwa saa 8 mchana.

Majina ya watu yasiandikwe kwa kusikia. Yatazamwe kwenye daftari la mahudhurio. Jina likikosewa mbele ya shule nzima, mwenye jina anaumia, na ana haki ya kuumia.

Kona ya takwimu

Sehemu hii hupuuzwa, nayo ndiyo inayowavuta hata wasiopenda kusoma habari ndefu. Chagua takwimu tatu au nne zinazobadilika kila wiki na uzirudie kwenye kona ileile ya ubao.

Mahudhurio ni ya kwanza. Chukua jumla kutoka kwenye madaftari ya madarasa, wavulana na wasichana, halafu wanafunzi wa kamati wapige hesabu ya asilimia wenyewe. Darasa lenye watoto 62, wakihudhuria 55, ni 55 gawanya kwa 62 mara 100, yaani karibu asilimia 89. Toa kiwango cha shule nzima, kilinganishwe na wiki iliyopita. Usipange madarasa kutoka la kwanza hadi la mwisho. Darasa lililoko mkiani huenda lina watoto wanaovuka mto kuja shule, na kuliaibisha hakuleti daraja.

Mvua ni ya pili, na kipimo chake kinatengenezwa shuleni. Tafuta chupa ya plastiki ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka. Zenye mikunjo hazifai. Ikate pale mabega yanapoanza. Weka kokoto chache chini ili upepo usiiangushe, kisha igeuze sehemu ya juu uliyoikata, iingie mdomo chini kama faneli. Mimina maji hadi yafunike kokoto na kufika pale ubavu unapoanza kunyooka, uchore mstari: hapo ndipo sifuri. Kutoka hapo kwenda juu, bandika rula au chora milimita kwa maka peni isiyofutika.

Kipimo kiwekwe mahali pa wazi, umbali kutoka mti au jengo usipungue mara mbili ya urefu wa kitu hicho, na kizungushiwe miti mifupi ili mbuzi na mpira visikifikie. Kisomwe kila siku ya shule saa 3 asubuhi, mwanafunzi akichutama hadi jicho lilingane na maji. Akisoma amesimama atapata tarakimu isiyo ya kweli. Akishaandika, amwage ya ziada yarudi kwenye sifuri. Siku za jua maji hukauka yakashuka chini ya mstari, hivyo yaongezwe hadi sifuri kila asubuhi, la sivyo mvua ya kwanza itasomeka pungufu. Jumatatu kipimo kimebeba mvua ya tangu Ijumaa asubuhi, na ubao useme hivyo: “Ijumaa hadi Jumatatu: milimita 31.” Wakizoea, wachore mistari ya wima kwa kila wiki, na hapo darasa la saba lina somo kamili la grafu kutoka kwenye uwanja wao wenyewe.

Ya tatu iwe mavuno ya bustani au mayai, na ya nne vitabu vilivyoazimwa maktaba.

Ubao, karatasi na gundi

Chagua ukuta wa baraza wenye paa linalotokeza, usiopigwa jua la mchana. Wino wa maka peni hupauka juani, nyekundu na za rangi kali zikitangulia, na ule unaofutika hutiririka kwa tone la mvua. Habari ziandikwe kwa kalamu ya kawaida nyeusi au ya bluu, maka peni ibaki kwa vichwa vya habari.

Ubao wa plaiwudi wa futi 4 kwa 4, yaani nusu ya shiti nzima, unatosha manila mbili au tatu kutegemea saizi. Ukingo wa chini uwe sentimita 70 kutoka sakafuni na wa juu usizidi sentimita 192. Ya wadogo, yaani michoro na sentensi fupi, yakae chini. Ya wakubwa juu. Ukiupandisha kwa kimo cha mwalimu, darasa la pili hawataona kitu.

Herufi za vichwa ziwe na kimo cha sentimita 2.5 hadi 3 ili zisomeke mtu akiwa umbali wa mita tatu. Habari ziandikwe kwenye karatasi ya A4, mistari ikiachana sentimita 1.2. Usiandike moja kwa moja juu ya manila. Kila habari iwe kwenye karatasi yake, ndipo ibandikwe. Likionekana kosa dakika ya mwisho unabadilisha karatasi moja na hupotezi manila nzima.

Gundi ya dukani si lazima. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano na kikombe kimoja cha maji baridi hadi mabonge yaishe. Chemsha vikombe vitatu vya maji kwenye sufuria, mimina mchanganyiko huo polepole ukikoroga, uendelee kwa dakika tatu hadi tano mpaka uwe mzito na wenye kung'aa. Ongeza kijiko cha chumvi ili usichache upesi. Unga wa muhogo nao hunata vizuri. Ukitia unga kwenye maji yanayochemka bila kuuloweka, utapata madonge, na madonge huifanya karatasi ivimbe. Paka kwa tabaka jembamba kwenye kingo na katikati. Gundi ya unga huita mende na panya, kwa hiyo manila yenyewe ishikizwe kwenye ubao kwa pini, isibandikwe kwa gundi.

Yasiyobandikwa

Alama za mtihani za kila mtoto. Majina ya ambao wazazi wao hawajatoa mchango. Ugonjwa wa mtu, adhabu aliyopewa, hali ya familia yake. Mambo haya hayapiti hata kama mwandishi ameyathibitisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda faragha na utu wa mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu taarifa zake pia. Picha ya ubao isirushwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kabla mwalimu hajatazama majina yaliyomo, maana ikishatoka hairudi.

Malalamiko ni jambo jingine. Mtoto akiandika kwamba choo cha wavulana hakina mlango, hiyo ni habari na ibandikwe, pamoja na jibu la mwalimu mkuu. Gazeti linalosifu tu hupoteza wasomaji haraka, na watoto wanajua kabisa linaposema uongo.

Kosa likitokea, sahihisho likae pale ilipokuwa habari yenyewe, kwa maneno wazi: “Wiki iliyopita tuliandika magoli 3. Yalikuwa 2.”

Wasomaji na kumbukumbu

Kwenye shule yenye madarasa ya watoto 70 au zaidi, ubao mmoja husababisha msongamano na wadogo hukanyagwa. Gawa siku: darasa la tatu Jumatatu, la nne Jumanne, na kuendelea, kila darasa likipewa dakika kumi na mwalimu wake akiuliza maswali mawili baadaye. Mstarini Jumatatu kiranja asome vichwa vya habari tu, bila kueleza, ili mtu aende kutafuta mwenyewe.

Kila toleo liwe na namba na tarehe kwenye kona ya juu. Likishushwa, likunjwe mara mbili na kuhifadhiwa juu ya kabati, kamwe si sakafuni, kwa kuwa mchwa hula karatasi. Zile za takwimu zitenganishwe kwenye faili lake. Mwaka wa pili kamati mpya itazihitaji kulinganisha mvua za Machi na za Machi iliyotangulia.