Chai ya kijani tupu kwa aliyekulia chai ya tangawizi

Chai yangu ya kwanza ya kijani niliipika. Sufuria, maji, vijiko viwili vya majani, ikatokota dakika kumi kama chai ya rangi tuliyokunywa nyumbani Muheza. Ikatoka rangi ya maji ya bwawa, chungu kama mwarobaini, na ukakasi wa bibo bichi ukanikamata ulimi hadi mchana. Pakiti nikamgawia jirani. Hakunishukuru.

Miaka miwili baadaye, fundi mmoja wa Kichina tuliyekuwa naye kazini Dar alinimiminia chai kwenye bilauri, majani yakielea juu halafu yakizama moja moja. Nikaonja kwa adabu tu. Ilikuwa na utamu wa mbali, na harufu ya karanga zinapotolewa kwenye karai. Sukari hakuna, kiungo hakuna. Nikamwuliza ameweka nini. Akanionyesha birika lake: lilikuwa limefunuliwa, maji yakipoa.

Kwa hiyo nitaanza na maji, maana wengi wanaosema hawaipendi chai ya kijani hawajawahi kuinywa, wamekunywa majani yaliyounguzwa. Maji yanayochemka hukamua uchungu na ukakasi kwa haraka. Maji ya nyuzi 80 hivi huvitoa polepole, na utamu unapata nafasi. Kipimajoto si lazima. Chukua vikombe vitatu vya maji yaliyochemka sasa hivi, ongeza kikombe kimoja cha maji safi ya kunywa yasiyo ya friji. Kwa joto la Dar utapata nyuzi 80 na kitu. Ukitaka 75, fanya viwili kwa kimoja. Walioko Nairobi au Mbeya wapunguze yale ya baridi, kwa sababu huko juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Na tafadhali, usitumie maji ya kisima yenye chumvi. Chai ya maziwa na tangawizi huificha ile chumvi; hii haifichi kitu.

Kijiko kimoja cha chai kilichojaa kwa kikombe kimoja, dakika mbili, kisha chuja. Majani usitupe. Yamiminie maji mara ya pili, hata ya tatu. Mama aliponiona nafanya hivyo aliuliza kama mshahara umechelewa, lakini ndivyo inavyonywewa Uchina, na mara nyingi kikombe cha pili ndicho kitamu zaidi.

Sasa majani yenyewe. Chai ya kijani na ile nyeusi ya Lushoto au Kericho ni mti uleule. Ile nyeusi majani husagwa na kuachwa yabadilike rangi hewani. Ya kijani hupigwa moto mapema ili yasibadilike. Huo moto ndio unaoamua ladha. Wachina wengi huyakaanga kwenye karai, Wajapani wengi huyafukiza kwa mvuke. Ya karai hunukia karanga, mahindi ya kuchoma, choroko. Ya mvuke hunukia majani mabichi, mchicha uliotiwa maji ya moto, na zile za bei ya juu zina kitu cha bahari, kama mwani unaoanikwa ufukweni.

Jiulize basi, wewe ni mtu wa karanga au mtu wa mchicha? Mwanzoni wengi wetu ni watu wa karanga. Tafuta Longjing, ya karai, asili yake Hangzhou, Uchina; majani yake ni bapa na laini kama yamepigwa pasi. Usinunue ya bei ya kutisha, maana jina hilo linaigwa sana na wewe bado huna ulimi wa kutofautisha. Ya kawaida inatosha kukufundisha. Mao Feng ya milima ya Huangshan nayo ni pole, imejikunja kidogo, na haina hasira hata ukiisahau nusu dakika.

Kama unapenda kahawa, anza na hojicha ya Japani. Ni chai ya kijani iliyokaangwa tena mpaka ikawa ya kahawia, haina karibu ukakasi wowote, na ndiyo pekee humu ninayokuruhusu kuimiminia maji yanayochemka. Shemeji yangu, ambaye ndani ya kikombe kimoja hutia vijiko vinne vya sukari, aliinywa kavu na kuuliza kama kuna nyingine. Kuna pia genmaicha, iliyochanganywa na mchele wa kukaanga. Mwenye msimamo mkali atasema hiyo si chai tupu, na ana haki yake, lakini mtu anayependa ukoko wa wali simnyimi.

Sencha, ile ya mvuke ya Japani, iache mpaka umalize mwezi mzima wa kuzoea. Gyokuro na matcha ya unga, za Japani pia, ziache mbali zaidi. Ni ghali, na ladha yake nzito ya supu humshtua mgeni. Ile ya Kichina ya punje za mviringo kama risasi za gobole, iitwayo “gunpowder”, inayopatikana kirahisi na kwa bei ndogo, ni kali. Wamoroko huipika na nanaa na sukari nyingi, na wana sababu. Ukiitaka tupu, weka nusu kijiko na dakika moja tu.

Dukani, geuza pakiti usome orodha ya vilivyomo. Kiwe kitu kimoja: chai ya kijani. Ukikuta limau, asali au neno “flavour”, rudisha. Asumini inanipa shida kidogo, mimi mtu wa Tanga, ila majani yaliyolazwa na maua yatakuonyesha ua kwanza, na sisi tunatafuta jani. Chai ya vifuko nayo mara nyingi ni vumbi. Vumbi hutoa uchungu upesi. Kama ndiyo pekee uliyopata, itoe baada ya dakika moja na usikibinye kifuko. Nunua gramu 50, si nusu kilo, angalia tarehe, na uihifadhi kwenye kopo lisiloingiza hewa, mbali na kabati la viungo. Chai hunyonya harufu. Kopo langu la kwanza lilikaa karibu na iliki, na kwa mwezi mzima nilidhani Longjing ndivyo inavyonukia.

Kuhusu sukari, kahawa chungu tunainywa na kashata au tende, utamu ukikaa mdomoni na si kikombeni. Fanya vivyo hivyo. Tende moja, funda moja. Na siku za joto la Februari, tia gramu 10 za majani kwenye lita ya maji ya baridi, weka friji usiku kucha, chuja asubuhi. Maji baridi hayatoi uchungu mwingi hata ukisahau.

Shemeji bado anaichukua hojicha yangu. Majuzi nilimkuta jikoni akiitafutia maziwa, nikaondoka bila kusema neno.