Usimuahidi mtoto ujira kwa kazi anayoipenda

Mtoto anayekaa na bibi yake barazani, kule Wete au Micheweni, Pemba, akasuka kwa hiari yake ukili, ule utepe wa majani ya miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, asiahidiwe pesa ili aongeze bidii. Mwaka 1973, nchini Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachunguza watoto wa chekechea waliopenda kuchora: waliochora kwa sababu wameahidiwa cheti walionekana baadaye, cheti kilipokuwa hakipo tena, wakichora kwa takriban nusu ya muda waliotumia wenzao, ilhali waliopewa cheti hicho hicho kwa kushtukizwa, bila ya ahadi, hawakupoteza hamu. Kilichodhuru, basi, ni ahadi iliyotangulia kazi.

Badala ya ujira, muachie achague mwenyewe rangi ya miyaa, na umwambie kwa uhakika alichokifanya vizuri, kwa mfano kwamba chane zake zimelingana upana na ukingo wa ukili haukupinda, kwani sifa ya jumla, kama vile "hodari wewe", haimuonyeshi ustadi wake umefika wapi. Ukitaka kumzawadia, mzawadie ukili ukishakwisha, naye hakutarajia.

Tahadhari hii haihusu kazi isiyopendwa tangu mwanzo, kama vile kusugua masufuria, ambayo ahadi ya zawadi inaweza kuisukuma bila ya hasara kubwa. Wala asitokee mwenye shamba akaitumia kumpunja mchumaji wa karafuu pishi zake. Haki ya mtu hulipwa kamili.