Jinsi ya Kuandaa Taco za Kikapu za Meksiko

Katika Jiji la Meksiko, wachuuzi wa tacos de canasta, yaani taco za kikapu, ambazo ni tortila (chapati nyembamba za mahindi) zilizotiwa mjazo na kukunjwa, hupita mitaani kwa baiskeli, kila mmoja akiwa amebeba kikapu kikubwa kilichofungwa kwa vitambaa na nailoni, ambayo mara nyingi ni ya buluu. Wengi wao hutoka San Vicente Xiloxochitla, kijiji cha jimbo la Tlaxcala kinachosifika kwa taco hizi. Taco ya kikapu haichomwi wala kukaangwa mbele ya mteja, bali hulainika na kukolea ladha kwa joto na mvuke wake yenyewe, na ndiyo maana kazi yote ya mpishi ni kuulinda mvuke huo.

Kwa tortila 20 ndogo za mahindi, chemsha nusu kilo ya viazi, uviponde, utie chumvi, kisha uvikaushe kidogo kwenye kikaango. Ukipenda maharagwe, yaponde na uyakaange na kitunguu mpaka mwiko ukipita uache njia isiyojifunika. Usiharakishe hatua hii, kwa sababu mjazo wenye majimaji huirarua tortila kabla haijafika kwenye sahani. Tortila za ngano hazifai hapa. Zinazotakiwa ni zile za mahindi yaliyochemshwa kwa maji ya chokaa ya chakula, ambayo huufanya unga ushikamane.

Loweka pilipili kavu 4 za guajillo, zilizotolewa mbegu, katika maji ya moto kwa dakika 15, uzisage na punje moja ya kitunguu saumu, kisha uchuje. Pasha mililita 150 za mafuta, umimine rojo hilo polepole kwa kuwa litaruka, na ulikaange mpaka maji yakauke na mafuta yageuke rangi ya chungwa iliyoiva.

Kwa matumizi ya nyumbani, sufuria nzito yenye mfuniko inatosha kabisa, na binafsi naiona salama kuliko nailoni isiyotengenezwa kwa ajili ya chakula cha moto. Tandika kitambaa kinene, kisha karatasi ya kuokea. Pasha kila tortila kwenye kikaango kikavu hadi ikunjike bila kupasuka, weka kijiko cha mjazo wa moto, ikunje katikati na uipange haraka. Baada ya kila safu, tandaza vipande vyembamba vya kitunguu na unyunyize mafuta yale yakiwa bado moto. Ukitumia mijazo miwili, tenga kila mmoja upande wake, la sivyo utalazimika kuzifukua taco zote ukitafuta moja.

Funika kwa karatasi na kitambaa, bana mfuniko, na uache kwa saa moja bila kuchungulia, kwani kila unapofunua mvuke hupotea. Zikishapoa chini ya nyuzi 60 za Selsiasi, zisikae zaidi ya saa 2. Zitoe kwa kijiko bapa, maana sasa ni laini mno kwa vidole, na uziandae pamoja na achari ya pilipili jalapeño na karoti.